Kilichokataliwa na Kontena

Kontena lilifika Alhamisi asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, likining'inia kwenye minyororo ya lori kama jino lililolegea. Dereva aliyelileta alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko lori lake. Alilishusha taratibu mbele ya nyumba, juu ya mbao nne zilizotandikwa ili lisichimbe lami, kisha akapiga ukingo wake kwa kiganja, mara mbili, kama mtu anayenadi ng'ombe.

"Sikilizeni, wenye nyumba. Kifusi kiishie hapa. Kikizidi ukingo huu, sibebi. Makopo ya rangi, betri, matairi, sibebi. Na yale mabamba ya asbestosi ya kizamani, hata kipande cha ukubwa wa biskuti, sibebi. Nikikiona kimoja tu, namwaga mzigo wote hapa hapa mlangoni, mkaupeleke kwa wajomba zenu."

"Wajomba zetu walishakufa," alisema Chapuchapu.

"Basi endeleeni kuyachezea hayo mabamba, mtawakuta."

Chapuchapu akacheka, fundi wa kubomoa akacheka, hata mama yao aliyekuwa ameketi barazani na kikombe chake akacheka, ingawa alikuwa mbali na hakusikia vizuri kilichosemwa. Mwalimu peke yake hakucheka. Alimtazama mama haraka, akaona kwamba hakusikia.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti mzaliwa wa kwanza, na cheo hicho cha shuleni kilikuwa kimemganda kiasi kwamba hata nyumbani hakuna aliyemwita vinginevyo. Mdogo wake aliitwa Chapuchapu tangu siku aliyozaliwa, kwa sababu alitoka kabla mkunga hajavua viatu, na hajapunguza mwendo hadi leo. Mke wa Chapuchapu alikuwa amebakiza mwezi mmoja kujifungua. Walikuwa wamekubaliana kwamba wahamie kwa mama, katika vyumba viwili vya nyuma, ili mjane yule asiendelee kuzungumza na redio. Ndipo Mwalimu alipoweka sharti lake: kabla mtoto mchanga hajaingia katika vyumba vile, dari yote ishushwe.

Kwa mama walisema ni panya. Panya wamefanya dari uwanja wa mpira, mama, watamla mjukuu wako masikio. Mama akakubali, tena kwa furaha, na kwa kuwa nyumba inabomolewa kwa ajili ya mjukuu, akaomba jiko lake la zamani nalo libomolewe, sinki lililopasuka litolewe, na ukuta wa stoo uliokuwa umevimba kwa unyevu uangushwe. Hivyo ndivyo kazi ya siku moja ilivyogeuka kuwa kazi ya siku tatu na kuhitaji kontena la kukodi.

Lakini haikuwa panya.

Miaka mitatu nyuma, baba yao alipokuwa amelazwa, akivuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kwa mrija uliopasuka, daktari alimwita Mwalimu pembeni na kumwonyesha picha ya mapafu. Kazi yake ilikuwa nini? aliuliza. Mwalimu akamwambia: miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha mabamba ya paa na dari, kitengo cha kukata kwa msumeno. Daktari akatikisa kichwa taratibu, akaeleza habari za vumbi lile, jinsi nyuzi zake zinavyoingia mapafuni na kukaa, zikisubiri miaka ishirini, thelathini, hata arobaini. Kisha akauliza swali moja zaidi, kwa sauti ya chini.

"Nguo zake za kazini alikuwa anafua nani?"

Mwalimu alielewa kabla daktari hajafunga mdomo.

Kila jioni baba alirudi mweupe kuanzia nyusi hadi kamba za viatu. Mama alimsubiri kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akamvua ovaroli pale pale, akaikung'uta ukutani kwa nguvu zake zote: pa, pa, pa. Alisema ukiitumbukiza majini bila kuikung'uta, vumbi linageuka uji ndani ya ndoo na nguo haitakati kamwe. Na chini ya mikono yake, kila jioni, walisimama watoto wawili waliokinga viganja na vifuniko vya sufuria. Walikuwa wakicheza mashine ya kusaga. Aliyekinga unga mwingi ndiye aliyeshinda.

Mwalimu na Chapuchapu walikula kiapo kwenye baraza ya hospitali kwamba mama asijue. Baba alipokufa, na waombolezaji walipouliza, mama alijibu kwa utulivu, "Kifua. Kifua tu, na umri," na utulivu ule ukawa kitu ambacho wanawe walikilinda kama yai. Alikuwa na kikohozi kidogo siku hizi, kikavu, hasa asubuhi. Alikiita kikohozi cha ubahili, kwa sababu hakitoi kitu.

Mabamba yale ya dari baba aliyaleta mwenyewe. Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua yaliyobaki ghalani, na alirudi na mabamba kumi na manane juu ya mkokoteni, akitabasamu kama bwana harusi. Aliyafunga darini kwa mkono wake. Kwa miaka yote ile familia ililala chini ya zawadi hiyo.

Fundi aliyeajiriwa alikuwa mzee mwenye maneno machache, aliyewahi kufanya kazi hizi mahali palipokuwa na masharti. Alivaa barakoa nene, akanyunyiza maji juu ya mabamba hadi yakadondosha matone, kisha akayafungua skrubu moja baada ya nyingine badala ya kuyavunja kwa mtaimbo. Aliyashusha mazima mazima. Chapuchapu, aliyesimama mlangoni na kitambaa puani, alikuwa anakufa kwa kukosa subira.

"Dada, kontena lipo tupu. Tuyalaze chini kabisa, juu yake tumwage ukuta wa stoo. Nani ataona? Dereva ana macho ya kutoboa zege?"

"Huko jalala kuu kuna watu wanaochambua kifusi kwa mikono," alisema Mwalimu. "Wanawake. Wanapasua kila kipande kutafuta chuma. Unataka tuwapelekee hiki?"

"Siwajui."

"Ndiyo maana."

"Haya, Mheshimiwa!" Chapuchapu akainua mikono. "Bunge limepitisha. Sasa yatakaa wapi?"

Mwalimu alikuwa amekwisha kupiga simu. Kulikuwa na gari maalumu la kubeba taka za namna hiyo, lakini lingefika Jumatatu. Mpaka wakati huo mabamba yangekaa uani, kando ya ukuta, yamefungwa. Fundi akayafunga. Na hapo ikaonekana kwamba mzee yule alikuwa na mikono ya mtu anayevisha maiti sanda: nailoni nene tabaka la kwanza, nailoni tabaka la pili, kona zote zimekunjwa kwa ustadi, utepe wa gundi umenyooka kama mstari wa rula. Mafurushi matatu ya mabamba sita sita, yamelazwa juu ya vipande vya mbao yasiguse udongo, na juu yake turubai jipya la buluu. Kilichobaki ni kuandika. Fundi alichomoa kalamu nene ya wino mwekundu kutoka mfuko wa shati, akaivua kifuniko kwa meno.

"Acha, fundi," Mwalimu akasema.

"Lazima iandikwe 'hatari', Mwalimu. Ndiyo utaratibu."

"Mama anasoma kila kitu. Akivaa miwani yake anasoma hadi karatasi ya sabuni. Ataniuliza hatari gani, nami sina jibu. Ni siku nne tu, na nyumba ina watu wakati wote."

Fundi alimtazama. Kisha akairudishia kalamu kifuniko chake, akaitia mfukoni. Mwalimu alilala vizuri usiku ule. Alikuwa ametenda haki kwa watu asiowajua wa jalalani, na ameitunza amani ya mama yake. Mambo mawili kwa mpigo mmoja.

Ijumaa ilikuwa siku ya kifusi. Ukuta wa stoo ulianguka kabla ya saa nne, lipu ikabanduka kwa mapande makubwa, sinki likatolewa likiwa bado na mkia wa bomba lake. Toroli lilikwenda na kurudi, na kontena likaanza kushiba. Mama alikaa karibu yake kama mlinzi wa mpakani, akikagua kila kinachopita.

"Hicho kifuniko cha birika mnakipeleka wapi?"

"Mama, birika lenyewe lilikufa kabla sijaanza shule," alisema Chapuchapu.

"Na kifuniko kina kosa gani? Lete."

Akakipata kifuniko chake. Akapata pia bawaba mbili, kipande cha kioo na mguu wa meza, akavipanga chini ya kiti, na kila mwanawe alipopita alivifunika kwa kanga.

Mchana alikuja Mama Nondo. Mtaa mzima ulimfahamu, mwanamke mwenye mabega mapana na mkokoteni wa magurudumu yasiyolingana, aliyeishi kwa kuokota chuma katika nyumba zinazobomolewa. Popote kontena liliposhushwa, Mama Nondo alijua kabla ya majirani. Lakini hakuwa mdokozi. Alisimama mbali, akabisha hodi kana kwamba kontena lina mlango, akamsubiri mwenye nyumba.

"Shikamoo, Mama Nondo," alisema Mwalimu.

"Marahaba, Mwalimu. Naona mnajenga ikulu. Naomba nizungumze na hizo nondo zenu kabla hazijasafiri."

"Panda uzungumze nazo," mama akajibu kwa niaba ya wote. "Ila zikikujibu, nishtue, nami nije nisikie."

Mama Nondo alipanda, akavuta nondo kutoka kwenye zege kama mtu anayetoa miiba kwenye mguu. Alipomaliza, mama alimpa chai, na wanawake wale wawili wakakaa barazani wakipiga soga. Mwalimu aliyapata maneno machache alipopita na ndoo. Mama Nondo alikuwa akieleza habari za chumba chake: bati tupu juu, hakuna dari, mchana linawakaanga, wajukuu wanaamka wamelowa jasho kama waliotoka mtoni. Mama alitikisa kichwa kwa huruma. Mwalimu aliendelea na ndoo yake.

Jumamosi asubuhi Mwalimu alikwenda shuleni kusahihisha mitihani. Chapuchapu alimpeleka mkewe kliniki. Fundi alikuwa ndani, akipiga lipu mpya kwenye chumba cha mwisho, mlango umefungwa, redio juu. Dereva angekuja kulichukua kontena saa nane.

Saa sita Mwalimu alirudi, akapitia mlango wa nyuma kunawa mikono, na pale kando ya ukuta akaona turubai la buluu limekunjwa mraba, limewekewa jiwe juu lisipeperuke. Zile mbao zilikuwa tupu.

Alisimama. Akageuza kichwa upande huu na huu, kana kwamba mabamba kumi na manane yangeweza kuwa yamejisogeza.

"Mama!"

"Nipo, mwanangu. Usipige kelele, sijafa."

Mama alitoka akipangusa mikono. Usoni mwake kulikuwa na ile raha ya mtu aliyetenda jambo na anasubiri kuulizwa.

"Vilivyokuwa hapa viko wapi?"

"Zile silingi za dari ya baba yako? Nimempa Mama Nondo." Akacheka kidogo. "Nilikaa nikafikiri. Vibovu vyote mmetupa kontenani, hata vizima mmetupa. Lakini hizi mkazifunga vizuri, mkazitandikia mbao, mkazifunika turubai jipya. Nikasema wanangu nao wameona kuwa kazi ya baba yao si ya kutupwa. Sasa zikae hapo zikingoja nini, na yule mwenzangu wajukuu wanakaangwa? Baba yako angempa. Unajua angempa."

Lango likalia, Chapuchapu akaingia, akatazama ukuta, akamtazama dada yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukimbia. Alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Saa ngapi alichukua?" Mwalimu aliuliza.

"Saa tatu. Amekwenda safari mbili na mkokoteni. Kuna nini?"

"Tunakwenda kuyachukua."

"Kumnyang'anya?" Raha ikamtoka mama usoni. "Nimetoa kwa mkono wangu, mbele ya Mungu, halafu watoto wangu waende kunyang'anya? Labda niwe nimekufa. Mkienda, nami nakwenda."

Mwalimu aligeukia vifaa vya kazi. Alibeba ndoo mbili, bomba la kunyunyizia maji la fundi, na bunda la nailoni. Mama alivitazama vitu hivyo.

"Unakwenda kumwosha?"

Nyumba ya Mama Nondo ilikuwa nyuma ya karakana ya mbao, mwendo wa dakika kumi. Walitembea watatu, mama akikohoa kikohozi chake kikavu kila baada ya hatua chache, na kila kikohozi kikamchoma Mwalimu mgongoni. Kabla hawajaiona nyumba waliisikia. Krrr, krrr, krrr. Msumeno wa mkono, ukikata kitu kigumu kwa subira.

Mama Nondo alikuwa ameinama uani, goti moja juu ya bamba lililolazwa benchini, akikata. Alikuwa ameshakata manne ili yaingie kati ya boriti zake. Vumbi jeupe lilikuwa limelala kila mahali: kwenye mikono yake hadi viwikoni, kwenye kamba ya nguo, juu ya maji ya kunywa yaliyokuwa kwenye beseni. Chini ya bamba, pale unga ulipokuwa ukidondoka, aliketi mjukuu wake wa kike wa miaka mitano hivi, nywele zote nyeupe. Alikuwa na vifuniko viwili vya chupa. Alikinga unga kwa kimoja, akaumimina katika kingine.

"Nasaga," aliwaeleza wageni.

Chapuchapu alitoa sauti ndogo kooni.

"Simamisha msumeno, Mama Nondo," alisema Mwalimu. "Tafadhali. Usisogeze hata mkono."

Mama Nondo alinyoosha mgongo taratibu. "Karibuni. Mbona mmenijia kama askari mgambo?"

"Samahani sana," Chapuchapu alianza, haraka haraka, "kuna kosa limefanyika. Haya mabamba tulishamwahidi mtu mwingine."

"Mtu gani?" mama akauliza. "Mwenye nyumba ni mimi. Mimi sikumwahidi mtu."

"Na pia… yameingia mchwa."

Mama Nondo akaangua kicheko. "Mchwa anayekula saruji! Nionyesheni huyo mchwa nimwajiri, awe ananibomolea zege." Kisha kicheko kikakatika, na uso wake ukakaza. "Semeni tu ukweli. Takataka mnatupa, nikizipekua hakuna anayenyanyua kichwa. Kitu kizuri kimoja nimepewa kwa mkono, bila kukiomba, mmekuja watatu na ndoo. Kichukueni. Lakini msinifanye mjinga mbele ya wajukuu wangu."

"Hawachukui," alisema mama, akajisogeza akasimama mbele ya mabamba na mikono kiunoni. "Mwalimu, sema nami hapa hapa, wote wasikie. Mimi nilikuzaa, sikukufundisha hivi. Una nini na silingi za baba yako?"

Upepo mdogo ulipita, na vumbi likanyanyuka kidogo kutoka kwenye kamba ya nguo. Mwalimu alimwona yule mtoto akilifuta puani kwa kiganja. Palikuwa na uongo mwingine aliokuwa ameuandaa njiani. Ulikuwa mzuri, ulikuwa na maelezo ya dawa ya panya iliyopuliziwa. Aliutafuta, akaukuta, na akashindwa kuunyanyua.

"Mama," alisema, "baba hakufa kwa umri."

Akaeleza. Alieleza kama anavyoeleza darasani, kwa sentensi fupi, kwa sababu sentensi ndefu zingemshinda. Alieleza kiwanda, msumeno, nyuzi zisizoonekana kwa macho. Alieleza picha ya mapafu. Alisema kwamba bamba likiwa zima limetulia halina neno, lakini likikatwa, likivunjwa, likikung'utwa, hapo ndipo linapoua, polepole, kwa miaka. Alisema kwamba yeye na mdogo wake walijua tangu siku ile na walinyamaza. Hakusema habari za nguo. Alifika kwenye nguo akaruka, kama mtu anayeruka shimo gizani, akatumaini kwamba hakuna aliyeliona.

Mama Nondo aliudondosha msumeno. Alimnyakua mtoto kutoka chini, akavitupa vile vifuniko, akaanza kumpangusa kichwa, kisha akaona kwamba anampangusa kwa mikono iliyojaa vumbi lile lile, akasimama ameishika mikono yake mbali na mwili kama si yake.

"Maji," Mwalimu akasema. "Usifute, mwagia. Chapuchapu, lete ndoo."

Chapuchapu alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya. Walimwosha mtoto, wakamwosha Mama Nondo, wakanyunyizia ua, kamba, kuta. Nguo zote zilizokuwa nje ziliingia kwenye nailoni. Mabamba, mazima na vipande, yalilowanishwa na kufungwa upya, na ufungaji wao ulikuwa mbaya, umejaa mikunjo, si kama wa fundi. Wakati wote huo mama hakusogea. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, macho yake yakiwa kwenye ukuta usio wake.

"Na huyu?" Mama Nondo aliuliza, mtoto akiwa amefungwa kanga, meno yakigongana kwa baridi ya maji. "Huyu atakuwaje?"

"Sijui," alisema Mwalimu. "Asubuhi moja si sawa na miaka ishirini na miwili. Hilo najua. Zaidi ya hapo sijui, na sitakudanganya."

"Neno moja tu mngeliandika juu ya ile nailoni. Najua kusoma, Mwalimu. Si sana, lakini 'hatari' naisoma. Ipo kwenye nguzo za umeme, na mimi na vyuma vyangu tunaikwepa kila siku."

"Fundi alitaka kuliandika. Mimi ndiye niliyemkataza."

Mama Nondo hakutukana. Aliingia ndani na mjukuu wake, akarudisha mlango bila kuubamiza, na Mwalimu akaona afadhali angeubamiza.

Ndipo mama akazungumza, bado ameutazama ule ukuta.

"Nilikuwa naikung'uta."

Chapuchapu aliitua ndoo chini.

"Kila jioni. Ukutani. Naikung'uta kwa nguvu, ili ifulike." Akawageukia wanawe, akawatazama mmoja baada ya mwingine kama anayewahesabu. "Na nyinyi mlikuwa mmesimama chini yangu."

"Hukujua, mama," alisema Chapuchapu.

"Nilikuwa nawamwagia."

"Hukujua. Hata baba hakujua."

"Nyinyi mmejua miaka mitatu." Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayesoma tarehe. "Nikikohoa, mlikuwa mnatazamana. Nilidhani mnanicheka."

Walirudi na mkokoteni wa Mama Nondo, Chapuchapu akivuta, mafurushi yakitikisika. Dereva alikuwa amefika, kontena amelifunika wavu, minyororo ameinasa. Alipoyaona mafurushi akanyanyua kidole kabla hawajamfikia.

"Hayo siyo ya kwangu."

"Siyo ya kwako," Mwalimu akakubali. "Yanasubiri Jumatatu."

"Kingine kipo? Ukingo una nafasi ya kiatu kimoja."

"Ngoja," alisema mama.

Aliingia ndani. Walimsikia akifungua sanduku lake la bati, lile la chini ya kitanda. Alipotoka alikuwa ameshika ovaroli ya mwisho ya baba, ya buluu iliyopauka, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri, ikinukia dawa ya wadudu. Hakulikaribia kontena. Alipita nayo kando, akaenda hadi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akaikunjua ile ovaroli, akaishika mabegani, akanyanyua mikono yote miwili juu ya kichwa chake.

Ikabaki huko juu. Mwalimu aliiona mikono ile imekwama katika kazi iliyoijua kuliko kazi nyingine yoyote, ikishindwa kushuka na ikishindwa kubaki.

Kisha mama akaishusha polepole, akaitumbukiza katika ndoo bila kuikung'uta, akaikandamiza hadi mapovu yakaisha. Wote watatu wakainama kutazama. Maji yalibaki maangavu, chini ya ndoo kunaonekana.

"Nilikuwa nafua vizuri," alisema.

Huko mbele lori liliunguruma, minyororo ikakaza, na kontena likanyanyuka na ukuta wao, jiko lao na sinki lao, likaondoka na vyote vilivyokubaliwa. Mama aliifunga ovaroli kwenye nailoni, majimaji hivyo hivyo, akailaza juu ya mafurushi. Akamwita fundi, akanyoosha mkono, na fundi akaelewa, akampa kalamu nyekundu. Alivaa miwani yake. Aliandika HATARI juu ya kila furushi, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, bila haraka, hata juu ya lile dogo.

"Jumatatu," alisema, akikifunga kifuniko cha kalamu, "hilo gari likishaondoka, utanipeleka hospitali. Na karatasi watakayonipa utanisomea, Mwalimu. Kwa sauti. Usiniruke hata mstari mmoja."

"Sawa, mama."

"Na mdogo wako akae karibu asikie. Halafu zamu yenu."

Akakohoa. Safari hii hakuna aliyemtazama mwenzake. Wote wawili walimtazama yeye.